i Si Namba ya Uongo, Ni Kona Tu

Kwani nani aliamua kuziita "namba za kufikirika"? Ni René Descartes, Mfaransa, mwaka wa 1637, na wala hakuwa anazisifu. Carl Friedrich Gauss alikuja kulalamika mwaka wa 1831 kwamba majina haya ndiyo yanayoleta giza. Yeye alitaka ziitwe namba za pembeni. Hakusikizwa. Leo ukimwambia mwanafunzi kuna namba ya kufikirika, anajiambia moyoni: kama nyinyi wenyewe mwasema haipo, mimi nakesha nayo ya nini?

Maoni yangu ni haya, na mniambie kama nimewakosea: hesabu ya kurahisisha akisami zenye i ni nyepesi. Kinachotuangusha ni vile inavyoletwa. Kwenye 8-4-4 unamaliza sekondari hujaiona i hata siku moja. Tanzania wenzetu wa kidato cha tano na sita wanaokamata hesabu ya juu wanakutana nayo mapema. Sisi tunakutana nayo chuoni, ghafla, ubaoni: "Zidisha juu na chini kwa konjugeti." Mbona? Kimya. Andika, tuendelee. Mimi chuo niliacha, na hapa sijifanyi mwalimu wa mtu. Lakini najua watu wenye akili zao walioamua "hesabu si yangu" kwa sababu ya ile kimya.

Haya, twende Mji wa Kale. Simama Ndia Kuu, uso umeelekea Fort Jesus. Kuzidisha kwa -1 ni kugeuka nyuma kabisa, Fort Jesus unaipa mgongo. Sasa jiulize: ni mgeuko gani ambao ukiufanya mara mbili utakuwa umegeuka nyuma? Robo mzunguko. Geuka kushoto, halafu geuka kushoto tena, tayari umeipa Fort Jesus mgongo. Huo mgeuko mmoja ndio i. Ndio maana i mara i ni -1. Hakuna uchawi, ni kona tu, na kona Mji wa Kale hazijawahi kutupungukia.

Sasa akisami. Kidato cha tatu ulifanya hii: 1 chini yake 2 + √3. Ulifundishwa uzidishe juu na chini kwa 2 - √3. Chini ikawa 4 - 3, yaani 1, na jibu likawa 2 - √3. Ulimuita pacha aliyegeuza alama, akaja akaifuta ile mizizi pale chini. Na kwa sababu ulizidisha juu na chini kwa kitu kimoja, thamani haikubadilika, sawa na nusu kuiita robo mbili.

Akisami za i ni mchezo ule ule. Chukua 10 chini yake 3 + i. Pacha wake ni 3 - i. Chini: 3 mara 3 ni 9, zile 3i mbili zinafutana, halafu i mara -i inakuwa +1, manake i mara i ni -1 na alama ya kutoa inaigeuza. Jumla 10. Juu una 10 mara (3 - i). Kumi kwa kumi zinakwenda, jibu ni 3 - i. Basi. Kugawanya kwa 3 + i hakuna anayejua kunafananaje. Kugawanya kwa 10 hata mtoto anayeuza viazi karai anaweza. Hiyo ndiyo sababu yote ya pacha: kuifanya namba ya chini iwe ya kawaida.

"Sawa bana, lakini inanisaidia nini?" Stima ya nyumbani kwenu. Mwaka wa 1893 Charles Steinmetz aliwaonyesha wahandisi wenzake kwamba umeme wa kwenda na kurudi unahesabika vizuri kwa namba hizi. Wao huandika j, kwa sababu i kwao ni mkondo. Tuseme pampu ya kupandisha maji hadi tangi la juu ina 30 + 40j omu, na volti ni 240. Gawanya, muite pacha: 240 mara (30 - 40j), chini 2,500. Unapata 2.88 - 3.84j. Zile ampea 2.88 ndizo zinazofanya kazi. Zile 3.84 zinakwenda na kurudi, hazipandishi hata tone, lakini waya inazibeba vile vile na kupata moto. Na kwa kuwa zimekaa kona ya robo mzunguko, jumla yake si 6.72, ni 4.8. Fundi akiweka fyuzi kwa kutazama 2.88 peke yake, mtaoga kwa ndoo. Kitu "cha kufikirika" kinakata fyuzi? Hebu tuwe serious.

Najua kuna atakayesema kalkuleta zenye modi ya CMPLX zinafanya yote haya kwa sekunde. Kweli, zinafanya. Lakini kalkuleta haikwambii ile 3.84 ni nini, na ukibonyeza alama vibaya haikwambii pia. Anayejua mbona ndiye atakayeona jibu halikai.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaofundisha ni dogo: dakika 10. Anzeni na kona, mkumbushe ile mizizi ya kidato cha tatu, na msione haya kueleza kwa Kiswahili. Lugha hii ina thumuni, sudusi na theluthi tangu zamani, na madrasa zetu watoto wanagawanya mirathi kwa hizo hizo. Haiwezi kushindwa na i.

Na wewe unayetaka kuacha kozi ya umeme sababu ya mada hii moja: acha ukitaka, maisha ni yako. Lakini usiache kwa sababu ya jina baya alilolitoa Mfaransa mmoja karibu miaka 400 iliyopita. Chukua kalamu, fanya hii kwanza: 5 + 5i, chini yake 2 - i. Ukipata 1 + 3i, tuandikie hapo chini. Ukipata kingine, andika pia, tutaangalia pamoja ni alama gani imegeuka.