Buleusa: mwanafunzi aone kazi ya hospitali kabla ya kuchagua masomo

Mwanafunzi wa Buleusa, wilayani Walikale, huchagua tawi la masomo akimaliza mwaka wa nane. Akiingia ITM, anasomea uuguzi wa A2. Lakini kazi za afya anazijua kwa kiasi gani? Sindano na koti jeupe, basi. Maabara hajaiona.

Daktari Denis Mukwege alitamani udaktari utotoni, akimfuata baba yake mchungaji kwa wagonjwa. Hawa wetu nani atawafikisha Goma, na vita njiani? Basi hospitali za Goma zirekodi video za kazi ya siku nzima, bila sura za wagonjwa, zifike shuleni kwa kadi ya memori, maana mtandao ni shida. Maswali muuguzi wa kituo cha afya atayajibu darasani.