Wiki Hii Mtoto Wangu Kasoma Nini?

Juma lililopita tulikuwa kwenye kikao cha wazazi hapa Pangani, Kibaha. Akasimama mgeni mwalikwa, akatwambia: "Ninyi wazazi kazi yenu ni mtoto ashibe na avae sare safi. Ya darasani tuachieni wenyewe." Watu wakapiga makofi. Wazazi wenyewe! Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hadi leo hasira haijanitoka.

Hii ndiyo imani iliyoota mizizi huku kwetu, na Kisarawe ni hivyo hivyo: mzazi wa shule ya msingi ya serikali hana haja ya kujua wiki hii wamefundishwa nini. Asubiri ripoti ya Juni, kisha ya Desemba.

Jirani yangu anakaanga mihogo kando ya barabara. Binti yake yuko darasa la tatu. Mama hakusoma, hivyo ripoti huniletea mimi nimsomee. Zote zina maneno yaleyale: "Aongeze bidii." Bidii ya nini? Jioni moja nilimketisha yule mtoto na kitabu chake. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikaweka kidole katikati ya ukurasa, juu ya neno "nywele". Kimya. Nikasogeza kidole kwenye "ng'ombe". Akamtazama mama yake. Ukurasa ule alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake wakiitikia darasani. Muda wote huo hakuna aliyemwambia mama yake kwamba nyw na ng' zimempita mtoto.

Wala hayuko peke yake. Uwezo, wale wanaopima watoto kama wanajua kusoma, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, waliwapa watoto hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, walioweza kuisoma walikuwa kama 3 tu. Na wale vijana wa Uwezo walimpimia mtoto nyumbani kwake na kumwambia mzazi matokeo palepale. Mgeni mwenye bodaboda na karatasi chache aliweza. Shule iliyo naye siku tano kwa wiki inashindwaje?

Wanasema mzazi hajui kusoma, hataelewa. Maneno gani haya! Nendeni mkamwone huyu mama kwenye kikoba chake. Kila wiki wanakaa duara, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hisa zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kutawanyika kila mwanachama anajua ndani mmebaki shilingi ngapi. Wiki inayofuata ukiwauliza, watakujibu wote kwa pamoja. Mtu anayebeba hesabu za wanawake 30 kichwani anashindwa kubeba sentensi moja kwamba mwanawe hajui kutoa kwa kukopa? Shilingi elfu mbili ya hisa anapewa taarifa yake kila wiki. Mtoto aliyemzaa, mara mbili kwa mwaka.

Na msiniambie habari ya simu na bando. Nimepekua kundi la wazazi la WhatsApp: mchango wa uji, mchango wa mlinzi, rimu za mitihani ya majaribio, tena uji. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, lakini pesa ikitakiwa ujumbe hutufikia kabla ya jogoo, na asiye na simu huletewa na mtoto kwa mdomo. Njia ipo. Kinachokosekana ni nia ya kupitisha humo habari za masomo.

Mwalimu ana watoto wengi, naam, lakini hatumwombi aandike barua 90. Azimio la kazi analo. Andalio la somo analiandika, mwalimu mkuu analipitia, mthibiti ubora akija analiomba kwanza. Yaani wakubwa wote wanaonyeshwa mtoto wetu atafundishwa nini, isipokuwa sisi tunaolala naye nyumba moja. Tunachoomba ni kwamba Ijumaa mwalimu anakili mistari mitatu kwenye karatasi moja, ibandikwe kwenye mti wa getini: tumesoma hiki, wengi wamekwama hapa, nyumbani muulizeni hivi. Mwenye macho atasoma, asiyejua atasomewa, kama tunavyosomeana matangazo ya maji na ya misiba.

Jirani yangu hakungoja karatasi ya getini. Mihogo yake huifunga kwa vipande vya magazeti. Sasa kila jioni, kabla ya kufungia mihogo kwenye kipande, anaweka kidole popote katikati yake, na binti anasoma neno lililo chini ya kidole. Akikwama, karatasi ile haiendi kwa mteja. Mama anaikunja, anaifunga kwenye pindo la kanga. Jumapili aliniletea nne.