Nani Alimponza Rosa?

Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, ilitoka mwaka 1971 kwa mkono wa East African Literature Bureau, na tangu hapo wasomaji wake hawajapatana. Mwandishi, mzaliwa wa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, alikuwa bado hajafikisha miaka thelathini na ndiyo kwanza ametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisa chenyewe hakina mafumbo. Zakaria, mlevi anayeogopwa nyumbani mwake, anamchapa binti yake mkubwa, Rosa, kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume. Anakwenda sekondari ya wasichana Mwanza, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na huko, mbali na fimbo ya baba, anaanguka, tena mikononi mwa wanaume wenye vyeo. Anapojirudi na kupata mchumba, mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira, naye anajiua. Jina lake limetoka katika litania ya Bikira Maria, Waridi lenye Fumbo. Kejeli hiyo peke yake inatosha kumfanya msomaji Mkatoliki asite kabla ya kufungua jalada.

Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Baadaye ikarudi, ikapata heshima, na leo inafundishwa vyuo vikuu na kuhesabiwa miongoni mwa kazi zilizogeuza mwelekeo wa riwaya ya Kiswahili. Marufuku iliondoka, ubishi ukabaki.

Wanaoilaumu wana hoja moja kubwa: imesema mno. Utoaji mimba, mapenzi ya mwanafunzi na mkubwa wake, ulevi wa baba mbele ya watoto, yote hayo yamewekwa wazi kwa lugha rahisi inayosomeka na mtoto wa kidato cha pili. Kwao, kijana hujifunza kwa kuiga, na kitabu kinachoonyesha njia ya shimoni kinaweza kumpeleka huko hata kama mwisho wake ni kaburi. Hoja hii haifai kubezwa. Wanaoitoa si watu wa kuogopa vitabu. Wengi ni wazazi na walimu waliokwisha kuwaona mabinti wakiacha shule.

Upande wa pili unasoma kitabu kilekile na kumwona mshitakiwa mwingine. Kwao, aliyemponza Rosa ni Zakaria. Fimbo haikumfundisha binti kuchagua, ilimfundisha kuogopa, na hofu ilipobaki nyumbani Ukerewe hakuwa na kitu kingine cha kujikingia. Hii ndiyo tafsiri iliyokubalika zaidi darasani, na ina nguvu yake. Kasoro yake ni kwamba inawasahau wanaume wa katikati ya hadithi. Anayemtongoza msichana wa shule kwa cheo chake na mkuu wa chuo anayemgeuza mwanafunzi kuwa kimada hawakulelewa na Zakaria. Wanapita katika kitabu, wanachukua walichotaka, na uzito wote unarudi kwa baba mlevi na binti aliyekufa. Msomaji anayebishana kuhusu malezi tu anawapa nafasi ya kutoroka mara ya pili.

Ipo na lawama ya tatu, ambayo haikusikika sana zamani na sasa inasikika: mwandishi mwenyewe. Kwa nini lazima Rosa afe? Mchumba aliyemkataa anaendelea kuishi, na kosa lake linaonekana dogo kwa sababu jamii inalijua na kulizoea. Kuna anayesema Kezilahabi alikuwa anaikemea jamii hiyo kwa kuionyesha ilivyo. Kuna anayesema alimwadhibu mwanamke kama jamii yenyewe ingemwadhibu, kisha akaiita hadithi. Ukweli uko karibu zaidi na wa kwanza, lakini wa pili ameona kitu. Sura ya mwisho, inayowahamishia Rosa na baba yake mbele ya Mungu, inaonyesha kwamba mwandishi alijua kesi haijaisha. Wapo wanaoiona sura hiyo kama kiraka. Bila hiyo, hata hivyo, kitabu kingekuwa onyo la kawaida kwa wasichana, la aina inayotolewa kila Ijumaa mstarini.

Mwaka wa kitabu hicho una jambo jingine ambalo wabishani hulipita. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo msichana wa miaka 15 alihesabika mkubwa wa kutosha kwa ndoa na mdogo mno kwa Rosa Mistika. Anayetetea marufuku kwa jina la umri ana deni la kueleza hilo.

Katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, ubishi huu hauwezi kuwa wa vitabuni tu. Wilaya hii, iliyozaliwa mwaka 2002 kwa kumega Wilaya ya Iringa, inaanzia kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyanya za Ilula kandokando ya barabara kuu, ikapanda hadi vijiji vya baridi na misitu ya Udzungwa. Kabla ya mpango wa sekondari wa 2004 kueneza shule za kata, binti aliyefaulu darasa la saba aliondoka nyumbani kama Rosa alivyoondoka. Shule za kata zilifupisha safari ila hazikuimaliza. Panapokosekana bweni na kijiji kikiwa mbali, msichana hupanga chumba karibu na shule, geto, anajipikia, na maharage ya nyumbani yakiisha kabla ya mwezi, aliye tayari kumnunulia mengine hakosi kujitokeza. Asiyefaulu hupanda basi la Dar es Salaam kwenda kufanya kazi za ndani. Kote kuwili baba hayupo na fimbo yake haipo.

Kisha upo UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 uliukuta Mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa ndani yake, na maambukizi ya VVU ya asilimia 15.7 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Riwaya iliyoandikwa kabla ugonjwa huo haujajulikana ikasomwa upya na watu waliotoka mazikoni. Mzazi wa namna hiyo akisema Zakaria alikuwa na haki ya kumchapa bintiye, anakosea, lakini anasema kwa uchungu ambao mhakiki wa mjini hana. Jibu anastahili kupewa kwa kitabu chenyewe: Rosa alichapwa, na fimbo haikumkinga.

Serikali nayo imekuwa ikibadili mawazo. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa. Novemba 2021 ilitangazwa kuwa anaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vinavyopendwa mno na watoto wa shule. Mlango ulifunguliwa kwa binti aliyeteleza, na marufuku ya vitabu ikabaki palepale.

Mtihani nao una hatia ndogo. Ukidai dhamira, ujumbe na falsafa, mwanafunzi anameza madesa na kumpokea Rosa aliyekwisha kuhukumiwa. Anajua jibu kabla ya kukisoma kitabu.

Katika ubishi wote huu, wa zaidi ya nusu karne, wamesema wazazi, walimu, maofisa na wahakiki. Msichana wa umri wa Rosa ametajwa sana na kuulizwa kidogo. Kurasa za barua za toleo lijalo zimetengwa kwa ajili yake, awe Ilula, Kidabaga au geto lolote. Barua isizidi kurasa mbili, na jina halitachapwa.