Kibarua wa Miaka Mitatu

Ndugu wafanya kazi,

Matajiri wanasema hatujui kutumia pesa. Nani anayehesabu senti kama sisi? Tukilipa kodi ya nyumba, twakopa unga. Tukilipa unga, twaenda kazini kwa miguu. Mwenye duka atukopesha mpaka Jumamosi, na Jumamosi pesa zote zarudi dukani. Basi anayetulisha ili tumfanyie tajiri kazi ni mwenye duka, si tajiri.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma kwa shida hizi hizi. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyowekwa na serikali ya kikoloni yenyewe, ilishauri mshahara umtoshe mtu pamoja na jamaa yake. Wakoloni wamekwenda zao, lakini mshahara wa tumbo moja umebaki.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima si kibarua tena. Ni mtu wa mshahara wa mwezi, na kabla ya kuachishwa apewe notisi ya siku 28. Lakini wako wenzetu wanaosimama langoni kila asubuhi, mwaka wa tatu huu, wangali wanaitwa vibarua. Huko si kusahau. Ni wizi.

Kila mtu aandike siku zake za kazi katika daftari, ailete kwa karani wa chama. Akienda mmoja atafukuzwa. Twende sote.