FUNDI AKIKAA SAA TANO CHINI YA PIKAPU YAKO, MLIPE SAA TANO



Ndugu zangu, leo naomba nizungumze jambo la gereji. Wapo watakaosema sheikh kaacha darsa kaingia kwenye spana. Subirini kidogo.

Nina pikapu ya zamani ya petroli. Aliyeniuzia alitoa manifodi ya chuma kizito ya ekzosi akafunga heda, yale mabomba membamba yaliyopindapinda, moja kwa kila silinda. Mlio wake vijana wanaupenda. Mimi nilichoambulia ni kwamba stata imejificha nyuma ya mabomba hayo na inachomwa na joto lake kila siku.

Nikitoka Mafinga nikasimama Ipogolo kujaza mafuta, gari haiwaki. Nazungusha ufunguo, inalia "tik" moja, basi. Ikipoa nusu saa inawaka kama haijaumwa. Gereji ya kwanza wakanambia betri. Nikanunua mpya. Ugonjwa ukabaki palepale, na pesa ilikwisha kwenda.

Nikaanza tabia ambayo najua wengi wenu huku Nyanda za Juu mnayo: kuegesha mlimani ili asubuhi niiachie ishuke, niweke gia, iwake yenyewe. Ndugu yangu, acha. Mimi niliiachia kwenye mteremko wa kutoka Iringa mjini, nyuma nina magunia ya viazi. Injini ikakataa kushika. Nakanyaga breki, mara ya kwanza inashika, ya pili ngumu, ya tatu kama nakanyaga ukuta. Breki nyingi za magari husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini inayozunguka. Injini ikizima, hubaki akiba ya kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo ni nguvu za mguu wako. Nilisimama kwa kupandisha tairi kwenye tuta la udongo. Mbele yangu walikuwa akina mama wanaouza mahindi. Sasa fikiria mtu anafanya hivyo mteremko wa Iwambi kule Mbeya, malori yakiwa yamepangana.

Aliyenitoa ni kijana mmoja wa Mwanjelwa. Kwanza hakufungua kitu. Alisema, "Shehe, twende Uyole turudi, nataka niione ikiwa inaumwa." Tuliporudi na joto lake, akaweka mita kwenye betri, akanambia zungusha. Ikalia tik, na betri ikabaki karibu volti 12. Akapima kwenye bolti kubwa ya stata, umeme upo. Akapima ethi, nzima. Basi umeme unafika mlangoni na hauingii ndani: stata yenyewe. Kama volti zingeporomoka chini ya 9 na nusu hivi, tungerudi kuitazama betri. Dakika kumi zile zingeniokolea bei ya betri nzima.

Joto nalo lina hesabu yake. Waya wa shaba ukipanda nyuzi 100 juu ya kawaida, ukinzani wake unaongezeka kama asilimia 40. Stata iliyochoka kaboni na swichi yake ya ndani, ukiipika hivyo, inashindwa.

Kazi ilichukua saa tano. Alitoa ncha hasi ya betri kabla ya yote, na hapo nawaomba mafundi wote msikie: waya mnene wa stata unatoka betri moja kwa moja, haupiti kwenye ufunguo. Spana ikigusa bolti ile na bomba la heda kwa pamoja, ni cheche na moto, karibu na mpira wa petroli. Akaweka stendi, hakutegemea jeki. Bolti ya juu haionekani, inatafutwa kwa vidole. Aliifikia kwa kuunga vyuma virefu vya soketi kutokea upande wa gia boksi. Ikalegea. Stata sasa haipiti kati ya mabomba! Ikabidi afungue heda yote kwenye injini aisogeze, na bolti zake zilikuwa na kutu, alikuwa amezilowesha mafuta tangu jana yake. Heda ikifunguliwa, gasketi inawekwa mpya. Stata ya mtumba tuliyonunua aliihesabu meno, akalinganisha matundu, akaijaribu chini akiwa ameikanyaga, kisha ndiyo akaifunga. Akakata bati akaliweka kati ya bomba na stata, akaacha nafasi ya hewa.

Jirani yangu alipoisikia bei ya ufundi akasema nimeibiwa, stata ni bolti mbili tu. Hapana. Bolti mbili ni kwa gari lisilo na heda. Wewe ndiye uliyetaka mlio, au umenunua kwa aliyeutaka, basi muda wa fundi ni juu yako. Atakayekulaghai ni yule anayekubali bei ya bolti mbili, kisha akifika kwenye gasketi anarudisha ya zamani ili afidie.

Kwa maoni yangu, pikapu ya kubebea viazi haina haja na heda. Nimemwambia kijana anitafutie manifodi ya asili, akiipata narudi Mwanjelwa. Mwenye nayo anijulishe hapo chini.