TAHARIRI: Kitabu cha Wakfu Hakikutolewa Kifungiwe Kabatini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Ama baad:

Amri ya kwanza kuteremka katika pango la Hira ilikuwa amri ya kusoma, na katika aya zile tano za mwanzo wa Suratul-Alaq ikatajwa pia kalamu. Khatibu hutukumbusha jambo hili mara kwa mara, nasi huitikia kwa vichwa. Lakini tukitoka katika swala tukaingia chumba cha pili, tunakuta nini? Tunakuta kabati la vitabu lenye kufuli, ufunguo uko kwa katibu wa kamati, naye katibu yuko safarini.

Hatusimulii jambo la kuambiwa. Katika madrasa moja tunayoifahamu, kabati lilipofunguliwa baada ya miaka, mchwa walikwisha kula Riyadhus-Salihin na sehemu kubwa ya vitabu vya Madina vya kufundishia Kiarabu. Nyuma ya ukuta huo huo, mwalimu alikuwa akifundisha Kiarabu kwa daftari lake la zamani la uanafunzi. Aliandika ubaoni sentensi moja moja, na watoto wakanakili makosa yake pamoja na yao. Kitabu alichokihitaji kilikuwa kimelala hatua chache kutoka kwenye mkeka wake, wala hakujua. Na tukiri mbele ya ndugu zetu: sisi wenyewe tulipita mbele ya kabati lile mara nyingi, wala hatukuuliza kuna nini ndani.

Aliyetoa vitabu vile alitaraji sadaka yenye kuendelea. Je, malipo yake yaendelee vipi ikiwa msomaji wa pekee ni mchwa?

Tumezoea kumwita mtunza maktaba yule anayeshika ufunguo. Waliotutangulia hawakuielewa kazi hii hivyo. Imam Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449 Miladia), mwandishi wa Fat-hul-Bari na wa Bulughul-Maram kisomwacho katika darsa za misikiti yetu, alikuwa mtunza vitabu wa Madrasa ya Mahmudiyya mjini Cairo. Alikabidhiwa kazi hiyo baada ya mtangulizi wake kuondolewa kwa sababu ya vitabu vilivyopotea. Dawa aliyoitumia ilikuwa orodha: aliviorodhesha vitabu vile kwa mkono wake, ili kila kimoja kijulikane na kipatikane. Mwanachuoni wa daraja lake hakuona kazi hiyo kuwa ni ya chini yake.

Baadaye Imam as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505 Miladia), aliandika risala maalumu juu ya vitabu vya hazina hiyo hiyo. Mtoa wakfu alikuwa ameshurutisha visitoke nje ya madrasa. As-Suyuti akalipima sharti hilo kwa makusudio ya wakfu wenyewe, akaona kuwa kuazima kunajuzu kwa mwenye kunufaika ambaye hawezi kuyapata manufaa hayo mle ndani. Na Yaqut al-Hamawi ameeleza katika Mu'jamul-Buldan kwamba alipokuwa Merw, kabla Wamongoli hawajaubomoa mji huo mwaka 1221, nyumba yake haikukosa juzuu 200 za kuazima, na nyingi katika hizo alipewa bila ya rahani. Basi hofu yetu ya leo juu ya nakala moja ya Al-Ajurrumiyya tumeirithi kwa nani?

Tunao mfano wa karibu pia. Katika shule moja ya sekondari ya Kiislamu tuliyoitembelea, dada mtunza maktaba hangojei mwalimu amfuate. Kila mwisho wa juma huwapitia walimu mmoja mmoja na kuwauliza: "Mwalimu, juma lijalo unafundisha nini?" Akiambiwa udhu, hutafuta picha ya hatua za udhu. Akiambiwa Hija, hutoa ramani ya Makka, Mina, Arafa na Muzdalifa. Akiambiwa sira, huweka alama katika kurasa tatu au nne zinazofaa umri wa wale watoto, kisha hukipeleka kitabu hadi darasani. Vitabu vyake si vingi. Kabati letu lililoliwa na mchwa lilikuwa na vingi zaidi.

Tunazijua hoja zinazotolewa. Ya kwanza ni kwamba vitabu vitapotea. Naam, baadhi vitapotea, na mwenye kupoteza atakibadilisha. Ndiyo maana ya daftari la kuazima. Lakini kitabu kisichosomwa kimekwisha kupotea siku nyingi. Ya pili ni kwamba hakuna fedha. Katika mwaka huo huo, tumechangia mazulia na vipaza sauti, nayo ni mambo mema. Hatujashindwa kumpa mtu mmoja posho ya saa chache kwa juma. Ya tatu ni kwamba siku hizi kila kitu kimo katika simu. Ni kweli kwamba programu kama Al-Maktaba ash-Shamila imekusanya maelfu ya vitabu. Lakini mwalimu wa watoto wa miaka saba anahitaji ukurasa mmoja unaowafaa, wala hana wakati wa kuutafuta katika maelfu. Anahitaji mtu wa kumchagulia.

Iko na hoja ya nne, isemwayo kwa siri: kwamba kabati limefungwa kwa sababu ya khitilafu zetu, kundi hili likichelea vitabu vya kundi lile. Sisi tulionyanyua bendera ya marekebisho hatuna budi kuanza na nafsi zetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipotoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwapelekea watu elimu kwa Kiswahili wanachokielewa. Chati ya matamshi ya herufi haina kundi. Mtoto asiyejua kuitamka dhadi ni hasara yetu sote.

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za misikiti na madrasa mambo manne. Makabati yafunguliwe mwezi huu, yatengwe na ukuta na kuinuliwa juu ya sakafu. Iandikwe orodha ya vitabu, ikionyesha jina la kitabu, mwandishi, somo na darasa linalokifaa, na kila mwalimu apewe nakala. Ateuliwe mtunza maktaba, mwanamume au mwanamke, mwenye kusoma na mwenye amana. Naye awaendee walimu kila Alhamisi kabla ya mapumziko ya Ijumaa, awaulize watafundisha nini.

Mtume (s.a.w.) amewaonya vikali wanaoulizwa elimu wakaificha. Tuogope tusije tukawa miongoni mwao kwa sababu ya kufuli tu.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awalipe kheri waliotoa wakfu, awasaidie walimu wetu, na atujaalie kuwa funguo za kheri.

Wabillahi tawfiq.