Kicheko cha Misa ya pili



Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye mimbari, Misa ya pili, nikawachekesha waamini. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba watafiti wa Uholanzi wamegundua kuwa mbu anayeeneza malaria huvutwa na harufu ya miguu ya binadamu sawasawa na anavyovutwa na jibini moja ya Ulaya inayonuka vibaya, iitwayo Limburger. Nikasema: jamani, dunia hii ina njaa, na wako watu wanalipwa mshahara kumnusisha mbu jibini! Nikaongeza utani kidogo juu ya soksi za vijana wa kwaya. Kanisa zima likaangua kicheko. Nilishuka mimbarini nimejiridhisha, na padri akijiridhisha na mahubiri yake, jueni kuna jambo.

Baada ya Misa mama mmoja, mhudumu wa zahanati, alinisubiri nje ya sakristia. Hakuwa na hasira. Alinisalimu vizuri, akapokea baraka, kisha akasema: "Baba, wenzangu wamecheka. Mimi nimezika wawili kwa malaria. Mtu akitaka kumnusisha mbu kitu chochote, mwacheni amnusishe." Akaondoka kuwahi zamu.

Sikuwa na la kujibu. Jioni ile nilirudi kwenye habari niliyoisoma juu juu, safari hii nikaitafuta yote. Watafiti hao, Bart Knols na Ruurd de Jong, walianza na swali ambalo bibi yangu angeliweza kuliuliza: mbu huyu akiingia ndani, kwa nini hukimbilia miguu? Mtu alikaa karibu uchi, akahesabu mahali anapoumwa. Mbu aina ya Anopheles gambiae, mwenyeji wetu wa usiku, aliuma zaidi nyayo na vifundo. Miguu ilipooshwa kwa sabuni ya kuua vijidudu, mbu hawakuifuata tena kama mwanzo. Kumbe wanaomwita ni vijidudu vilivyo kwenye ngozi ya mguu, na vijidudu hivyo ni ndugu wa karibu wa vile vinavyoivisha jibini ile. Hapo ndipo jibini ilipoingia. Haikuwa mchezo. Ukiijua harufu inayomwita mbu, unaweza kumtegea.

Wala jambo hili halikubaki Ulaya. Hapa kwetu, katika Taasisi ya Afya ya Ifakara, watafiti walichanganya kemikali zenye harufu kama ya binadamu, na mwaka 2010 wakachapisha kwamba, vikiwekwa katika nyumba tofauti, mchanganyiko ule uliwavuta mbu wengi kuliko mtu mwenyewe aliyelala. Nani wa kucheka? Bonde la Kilombero linajua mbu ni nini.

Knols na de Jong walipewa tuzo mwaka 2006, lakini si ile Nobel mnayoisikia. Ni binamu yake mtundu, Ig Nobel, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1991 na Marc Abrahams. Hutolewa kwa kazi ambazo kwanza huchekesha, halafu hufikirisha. Wanaoikabidhi ni washindi wa Nobel yenyewe, na kuna mwaka washindi walipewa noti ya Zimbabwe ya dola trilioni kumi, ambayo haikutosha kununua kitu. Mwaka 2013 waliotuzwa ni pamoja na watu waliomvisha kofia yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe. Walitaka kujua anawezaje kwenda moja kwa moja usiku usio na mwezi. Alipozibwa macho asione juu alizungukazunguka kama mlevi. Ikaonekana kwamba hutazama ule mkanda wa nyota uitwao Njia ya Maziwa. Naungama, hili limenifanya nisali vizuri zaidi kuliko vitabu vingine vya ibada nilivyosoma seminarini. Mdudu wa mavi anasoma mbingu!

Na yuko Andre Geim, aliyemwelesha chura hewani kwa nguvu ya sumaku. Akachekwa, akapewa Ig Nobel mwaka 2000. Mwaka 2010 huyo huyo akapewa Nobel ya fizikia, pamoja na mwenzake, kwa kazi waliyoianza kwa kubandua grafiti kwa selotepu.

Sasa, mimi si adui wa kicheko. Biblia inacheka. Sara alicheka mlangoni pa hema aliposikia kwamba atazaa uzeeni, na Mungu hakumnyima mtoto kwa ajili hiyo. Jina lenyewe la Isaka lina kicheko ndani yake. Lakini kuna kicheko kingine, nyumbani kwa Yairo. Yesu alisema mtoto amelala, na waombolezaji wakamcheka. Angalia kilichofuata: aliwatoa nje wote. Hawakupigwa, hawakulaaniwa. Ila msichana alipoinuka, wao hawakuwemo chumbani.

Kicheko changu cha Misa ya pili kilikuwa cha namna hiyo, na naogopa kwamba ndicho tunachowafundisha watoto wetu.

Mwaka 1963, pale shule ya sekondari Magamba, Lushoto, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kusubiri yapoe, ndipo kuyaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, basi Mpemba akayaingiza ya moto hivyo hivyo. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake yaliyoingia baridi. Akamwuliza mwalimu. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hesabu, darasa zima lilisema: hiyo ni hesabu ya Mpemba. Anayejua bweni anajua maana ya kubebeshwa jina kama hilo.

Siku moja akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kuzungumza juu ya fizikia. Mpemba akasimama mbele ya wote, akauliza lile lile. Wenzake wakaona amewaaibisha. Osborne akatabasamu, akamwomba arudie swali. Akamwuliza kama kweli amelifanya jaribio. Kisha akasema hajui sababu, ila atajaribu akirudi. Akarudi, akampa fundi wa maabara kazi ile. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaahidi kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja, na hadi leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, lile lile lililokuwa tusi bwenini.

Nisiwadanganye: wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayeeleza vizuri, wakajitokeza zaidi ya watu 22,000, na tangu hapo wako waliopima kwa makini wakasema hawakuona tofauti yoyote. Huenda Mpemba atakuja kuonekana amekosea. Hilo haliwapi haki waliomcheka, kwa maana wao hawakupima. Paulo alipohubiri Athene juu ya ufufuko, wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena siku nyingine. Zamani niliwaona hao wa pili kama vuguvugu. Siku hizi nawaheshimu kidogo. Osborne alikuwa mmoja wao, na yeye siku nyingine hiyo alirudi nayo kweli.

Mwezi uliopita niliingia darasa la kipaimara. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Padri, Yesu aliwahi kuumwa malaria?" Darasa likalipuka. Katekista akamkazia macho. Mimi mwenyewe mdomo ulikwisha kuanza kufunguka. Nikajizuia, nikamwomba arudie swali, akalirudia kwa sauti ndogo zaidi. Nikamwambia Injili hazisemi, ila mama mkwe wa Petro alilazwa na homa kule Kapernaumu, na Yesu alimshika mkono, hakuogopa homa. Nikamwuliza kwa nini anataka kujua.

Akasema mdogo wake yuko wodini siku ya nne, na usiku anaweweseka. Anataka kumwambia kitu, ila hakutaka kumwambia uongo.

Alhamisi tulikwenda naye kumwona.